Msomaji wa Miaka 12 Anaweza Kubeba Zaidi ya Tunavyodhani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wakutubi, wazazi, pamoja na ninyi wanafunzi mlioketi safu ya mbele, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie vitabu vilivyotoka miaka ya karibuni kwa ajili ya watoto wakubwa na vijana, yaani wasomaji ambao wamekwishavuka hadithi za sungura na fisi lakini hawajafika kwenye riwaya za watu wazima. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na tangu nistaafu huketi na watoto kumi na watano hivi kila Jumamosi asubuhi, barazani kwangu, tukisoma kwa sauti mpaka jua litufukuze. Mengi nitakayoyasema nimeyapata kwenye baraza hilo.

Nimekuja kumtetea mtoto wa miaka 12. Anaweza kubeba msiba, anaweza kubeba aibu, anaweza kukaa na swali ambalo halijapata jibu. Asichokivumilia ni kitabu kinachomficha jambo ambalo yeye mwenyewe analiona kila siku njiani kwenda shule. Vitabu bora nilivyosoma karibuni vimemwamini msomaji huyu. Vingi vya kwetu, na nasema hivi kwa uchungu, bado vinamtilia shaka.

Kitabu cha kwanza kilinifikia ndani ya begi la mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka ughaibuni. Kinaitwa "When Stars Are Scattered", jina linalomkumbusha Mwislamu mwanzo wa Surat Infitar, pale panapotajwa nyota zitakapotawanyika. Kilitoka Marekani mwaka 2020, kazi ya mwandishi na mchoraji Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed, ambaye maisha yanayosimuliwa humo ni yake mwenyewe. Kimechorwa kwa katuni kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa sababu hiyo nilikiweka kando majuma mawili mazima, kwa kuwa kizazi changu kililelewa kuamini kwamba katuni ni za magazetini na kwamba kusoma kwa kweli ni kusoma maandishi matupu. Nilipokifungua hatimaye, sikukiweka chini mpaka adhana ya alfajiri.

Omar na mdogo wake Hassan walikimbia vita nchini Somalia wakiwa wadogo mno. Baba yao aliuawa, mama yao wakapotezana naye, na wao wakafika Dadaab, ile kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1991 huko Garissa, Kenya. Hassan haongei. Neno analolitamka ni moja tu, "Hooyo", ambalo kwa Kisomali ni mama. Wanatunzwa na bibi mmoja, Fatuma, ambaye si ndugu yao wa damu na ambaye naye amepoteza wanawe. Kuanzia hapo kitabu kinasimulia jambo ambalo waandishi wengi wangelikwepa kwa kuhofu kwamba litamchosha mtoto: kinasimulia kusubiri. Watu wanasubiri maji, wanasubiri mgao wa chakula, wanasubiri majina yao yatokee kwenye orodha ya wale watakaofanyiwa usaili wa kuhamishiwa nchi nyingine, na baada ya usaili wanasubiri tena, na mtoto aliyeanza kusubiri akiwa hajui kusoma anaota ndevu akiwa bado pale pale. Kalamu ya mchoraji inaturudisha kwenye hema lile lile na mchanga ule ule, na macho yetu yanaanza kuchoka kama ya Omar yanavyochoka. Uchovu huo umekusudiwa, na watoto wangu waliuelewa kabla yangu.

Kuna swali moja linaloshikilia kitabu chote. Omar anapata nafasi ya kwenda shule, lakini akienda shule, nani atabaki na Hassan? Shule za kambini zinafuata mtaala wa Kenya, na katika miaka ile mtihani wa darasa la nane, huu ambao Kenya iliufanya kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ndio ulioamua wachache watakaoendelea na sekondari. Kwa hiyo kuahirisha shule mwaka mmoja si jambo dogo. Watu wazima wanamshauri, kila mmoja kwa nia njema, lakini hakuna anayekuja na jibu lililo safi. Akienda ni vibaya kidogo. Asipoenda ni vibaya kidogo. Mmoja wa wasichana anaosoma nao anaozeshwa mapema, na hakuna mtu anayetokea ghafla kumwokoa. Nimesoma kitabu hiki mara nne, na kila mara nakuta kwamba waandishi hawakunishika mkono pale ambapo nilitamani kushikwa.

Barazani mimi husoma Kiingereza na kutafsiri papo hapo, sentensi kwa sentensi, huku watoto wakiwa wamejibana pande zote ili waone picha. Siku moja tulifika kwenye ukurasa ambapo Hassan anaanguka na mwili wake unatikisika. Nikasita. Nikatafsiri, "Hassan akapatwa na degedege." Mvulana mmoja, mpole, ambaye kwa miezi miwili alikuwa hajafungua kinywa isipokuwa kwa salamu, akasema, "Ni kifafa, mwalimu. Kaka yangu anacho." Baraza lote likanyamaza. Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwamba mtu akianguka hivyo msimkandamize kwa nguvu, mwondoleeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, na msithubutu kumtia kijiko mdomoni, na kwamba akizinduka anaona haya, kwa hiyo msimzunguke kumtazama. Alipomaliza, msichana aliyekaa karibu naye alisema, "Haya, mwalimu, fungua ukurasa." Nilikuwa nimechagua neno degedege kwa sababu ndilo tunalolitumia kwa watoto wachanga wenye homa, na masikioni mwangu lilikuwa laini zaidi. Ulaini ule niliuhitaji mimi.

Nije sasa kwenye kitabu ambacho kinatuhusu Watanzania moja kwa moja, nacho ni "Golden Boy" cha Tara Sullivan, Mmarekani, kilichotoka mwaka 2013. Mhusika wake ni Habo, mvulana wa miaka 13 mwenye ualbino, na jina lake linatokana na dhahabu. Familia yake inapoteza shamba karibu na Arusha na kufunga safari kwenda Mwanza kwa shangazi, bila kujua kwamba huko Kanda ya Ziwa watu kama Habo wanawindwa kwa ajili ya viungo vyao. Wengi wetu hapa tunaikumbuka miaka ile. Tunakumbuka habari zilizokuwa zikisomwa redioni mwaka 2007 na 2008, na tunakumbuka kwamba mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Habo anakimbilia Dar es Salaam, na anapokewa na mchonga vinyago aliye kipofu, mtu ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtoto huyu anakutana naye kwa sauti na kazi ya mikono yake, kwa kuwa mzee hawezi kuiona ngozi ya Habo. Habo anaificha siri yake kwa mzee huyu, na kadiri anavyopendwa ndivyo siri inavyozidi kumlemea. Hapo mwandishi amefanya kazi ya ustadi mkubwa: ameacha mtoto mwema aone aibu ambayo hastahili kuiona, na hakuja mbio kuifuta.

Lakini nina lawama, na nitaisema wazi kwa sababu watoto wangu ndio walioileta. Kaka zake Habo wanaitwa Enzi na Chui. Mwindaji haramu wa pembe za ndovu anayemwandama anaitwa Alasiri. Mchonga vinyago anaitwa Kweli. Msichana mmoja aliniuliza, kwa mshangao wa dhati, "Mwalimu, nani anamwita mwanawe Chui?" Sisi tunao akina Chausiku na Jumanne, tunao Masika aliyezaliwa wakati wa mvua, tunao Shida na Tabu na Sikujua, na wengi wetu tumebeba majina ya babu zetu, ya mitume au ya watakatifu. Kila jina kati ya hayo lina mlango lilikoingilia. Alasiri ni neno zuri, lakini halina mlango. Limeokotwa katika kamusi kwa sababu ya sauti yake. Msomaji wa Boston atapita bila kuhisi kitu, lakini msomaji wa Buguruni atasimama na kujiuliza kama hapo palipoandikwa ni kwao kweli. Mwandishi aliyejali sana kuchunguza mauaji yalivyotendeka angeweza kumwuliza mama mmoja tu wa Mwanza amewaitaje wanawe.

Hata hivyo nakitetea kitabu hiki, na sababu yangu inahusu kitabu kingine tunachokijua wote. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma "Takadini" cha Ben Hanson, hadithi ya Sekai anayetoroka na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe kwa mujibu wa mila. Nimeifundisha hadithi hiyo, na kukimbia kwa Sekai bado kunanisisimua. Lakini Takadini mwenyewe tunamwona kwa nje, kwa macho ya mama yake na ya wazee wa kijiji, ilhali Habo anasema "mimi". Jua linamchoma yeye, macho yanamtoka machozi yeye, na chuki ya kaka yake anaihesabu yeye. Kwa kijana anayesoma, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu anayesoma "mimi" kwa kurasa mia tatu huanza kulitamka kama lake.

Tena tuliifanyia nini "Takadini"? Tuliigeuza kuwa hoja. Mimi mwenyewe nilisimama ubaoni mwaka baada ya mwaka nikiandika: mila potofu, nafasi ya mwanamke, upendo, ujasiri, hoja tatu kwa kila riwaya, kila hoja na mfano wake. Wanafunzi wangu walifaulu. Mmoja wao, ambaye sasa ni mama mwenye watoto, alinisimamisha sokoni na kuniambia kwamba bado anazikumbuka zile hoja zote, lakini hakumbuki kama aliwahi kumwonea huruma Sekai. Neno hilo halijanitoka.

Vitabu vingine viwili nitavitaja kwa ufupi. "Auma's Long Run" cha Eucabeth Odhiambo, mzaliwa wa Kenya anayefundisha Marekani, kilitoka mwaka 2017, na kinamhusu msichana wa Kijaluo anayependa kukimbia na anayetumaini kwamba mbio zitamfikisha sekondari, wakati ambapo UKIMWI unawachukua wazazi wa kijiji chake mmoja baada ya mwingine na watu wazima hawataki kuutaja kwa jina. Hapa majina yana milango: Auma ni mtoto wa kike aliyezaliwa kifudifudi, na mwandishi hakulazimika kulitafuta jina hilo popote. Anayeijua nyumba kutoka ndani hujulikana kwa vitu vidogo kama hivyo, na nilipokuwa nasoma sikuwa na haja ya kusimama kizingitini.

Kitabu cha pili ni "City of Saints & Thieves" cha Natalie C. Anderson, nacho pia cha mwaka 2017. Tina ni mkimbizi kutoka Kongo anayeishi na genge la wezi katika mji wa kubuni ulioko pwani ya Kenya, akitafuta kulipiza kisasi cha kuuawa kwa mama yake. Kisa kinakwenda mbio na vijana wa miaka 16 hukinyang'anyana. Chini ya mbio hizo kuna dhahabu ya Kivu na kuna mambo waliyotendewa wanawake wa huko, na hapo mwandishi hakulegeza sauti. Hiki sikuwasomea watoto wadogo wa barazani, na sioni kwamba kwa kufanya hivyo nimekwenda kinyume na ninayoyatetea. Kumwamini msomaji ni pamoja na kujua amefika wapi. Wa miaka 11 nimemwambia kwamba kitabu kipo, kiko kabatini, na kitamsubiri.

Sasa nirudi nyumbani. Kwa kuwa watu wanajua napenda vitabu vya watoto, waandishi chipukizi huniletea miswada yao. Mingi ina mwanzo mzuri sana. Kuna mmoja uliomhusu mvulana anayeuza maji ya kandoro, yale ya kufungwa kwenye vifuko vya plastiki, stendi ya mabasi ili amlipie dada yake ada, na kurasa zake thelathini za kwanza zilikuwa hai kiasi kwamba nilisikia honi. Kisha, kurasa tatu kabla ya mwisho, akatokea mwalimu mkuu, akawakusanya wanafunzi wote, akatoa hotuba juu ya bidii na nidhamu, na yule mvulana tuliyemzoea akageuka kuwa mfano. Nimekuta jambo hilo katika mswada baada ya mswada: anatokea bibi, anatokea padri, anatokea daktari, na hadithi inafungwa kwa mawaidha. Nilipomwuliza mwandishi kwa nini, alinijibu kwamba aliambiwa kitabu kisicho na funzo hakitanunuliwa na shule.

Wanaodai kwamba huo ndio utamaduni wetu, naomba wawakumbuke bibi zao. Mimi bibi yangu alianza kwa paukwa, tukaitikia pakawa, na alipofika mwisho alisema kwamba hadithi ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake, kisha akatufukuza tukalale. Hakuuliza tumejifunza nini. Kisa cha msichana aliyeolewa na zimwi kilibaki kichwani mwangu gizani, nikakigeuza na kukigeuza, na baadhi ya mambo niliyaelewa nikiwa na miaka arobaini. Wala si kweli kwamba waandishi wetu hawajathubutu. Emmanuel Mbogo alipoandika "Watoto wa Maman'tilie" aliwatoa Peter na Zita shuleni kwa kukosa ada na sare, akawapeleka jalalani, na hakumwonea haya msomaji wake kwa yale yaliyowakuta huko. Uthubutu tunao. Tumeufungia kwenye maswali ya mtihani.

Limebaki suala la lugha, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Vitabu vyote vinne nilivyovitaja kutoka nje vimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi sijapata kukutana na tafsiri ya Kiswahili ya hata kimoja. Elisi wa Kiingereza, yaani yule Alice wa Lewis Carroll, aliingia katika nchi ya ajabu kwa Kiswahili mwaka 1940. Riwaya ya "Paradise" ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, ilitoka mwaka 1994 na kutufikia kama "Peponi" mwaka 2022, kwa kazi nzuri ya Ida Hadjivayanis, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Hata Tuzo ya Burt, iliyokuwa ikitolewa hapa Tanzania kwa vitabu vya vijana, ilidai hadithi za Kiingereza, kwa hoja kwamba mwanafunzi anayeanza sekondari anahitaji Kiingereza chepesi cha kusomea. Hoja hiyo naielewa, na vitabu vilivyotokana nayo vimewasaidia wengi. Lakini mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, aliyecheka na kulia kwa Kiswahili, anapokabidhiwa Habo wa Mwanza kwa Kiingereza, anasoma kwa kuhesabu maneno asiyoyajua. Nimewahi kumwazima kijana wa kidato cha kwanza kitabu hicho, akakirudisha baada ya siku mbili na kuniambia kwa adabu kwamba kizuri. Alama aliyoiweka kwa kukunja karatasi ilikuwa ukurasa wa tano.

Najua kwamba haki za kutafsiri zinanunuliwa, na kwamba mchapishaji anayechapa nakala chache kwa bei kubwa anahatarisha mtaji wake. Kwa hiyo ombi langu kwa wachapishaji waliomo humu ni dogo: chagueni kimoja. Kama ningeulizwa, ningesema muanze na kile cha Dadaab, kwa kuwa picha zimekwishachorwa na maneno yake si mengi, na kwa kuwa kisa chenyewe kimetokea katika nchi inayosema Kiswahili.

Kuna mmoja ambaye hakungoja. Msichana yule aliyesema "Haya, mwalimu, fungua ukurasa" ana miaka 12, na tangu mwezi ule anakuja barazani na kaunta buku lenye jalada gumu. Humo anaandika tafsiri yake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu, picha anazichora kwa penseli, na nguo za Hassan kazipaka rangi ya chungwa kwa kuwa ndiyo rangi aliyonayo. Anaandika ili amsomee mdogo wake. Jumamosi iliyopita aliniomba nimkagulie. Alikuwa amefika mahali ambapo Hassan anaita, na nikaona kwamba mwanzoni aliandika "Mama", akakata. Juu yake akaandika "Hooyo", na pembeni, kwa herufi ndogo, "maana yake mama kwa Kisomali", kisha maelezo hayo nayo akayakata kwa mstari ulionyooka wa rula. Nikamwuliza kwa nini ameyafuta, ilhali mdogo wake ana miaka minane na hajui Kisomali.

Akaniambia, "Atajua tu, mwalimu. Anamwona anavyomtafuta."